Mwanajeshi Akiletwa Nyumbani, Acha Boda Zipange Laini

Kuna watu wakiona video ya boda mia mbili nyuma ya gari la maiti, taa zote zimewaka, wanaandika neno moja: fujo. Wengine wanaongeza, "hawa vijana hawana kazi." Leo najibu kwa urefu, kwa sababu mmoja wa hao vijana wasio na kazi ni mimi, na pia kwa sababu nadhani mnaangalia kitu kizito halafu mnakiita kelele.

Msimamo wangu ni huu. Mwanajeshi wa cheo cha chini akifa kazini, praiveti au koplo, msafara wa nduthi mara nyingi ndio tangazo la maana zaidi ambalo nchi hii itampa. Ukiuondoa, anazikwa, jina linabaki kwa mama yake na kwa faili fulani ambayo mimi na wewe hatutawahi kuiona. Kwa hivyo nautetea. Na kwa vile nautetea, nina maneno makali kwa baadhi ya waendeshaji wenzangu. Nitayafikia, msidhani nimesahau.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachofanyika, maana wengi wenu mmeona sekunde kumi na tano tu, tena zimewekewa muziki.

Huku Kericho na Bomet, jeshi ni kama chai, karibu kila ukoo una mtu ndani. KDF wakitangaza wanaandikisha makurutu, uwanja unajaa vijana kabla jua halijatoka. Wanakimbizwa, wanapimwa urefu na uzito, wanaangaliwa meno kama ng'ombe wa mnada. Wachache wanachukuliwa, wengine wote wanarudi nyumbani, na sehemu kubwa ya hao wanaorudi wanaishia wapi? Steji. Kwa hivyo ukiona boda wamejipanga nyuma ya jeneza la mwanajeshi, jua kwamba baadhi yao walikimbia naye kwenye ule uwanja. Walitaka kazi ile ile. Yeye alipita, wao wakachukua nduthi kwa mkopo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa msafara niliojiunga nao mwaka jana. Sitataja jina la marehemu wala kijiji. Familia ilitukaribisha tumsindikize, haikutukaribisha tumgeuze kontenti. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Gari lao lilikanyaga bomu la kutegwa barabarani, upande wa mpaka wa Somalia. Ujumbe ulitoka kwa kaka yake mkubwa, ukafika kwa mwenyekiti wa steji ya kwao, ukaenda steji kwa steji kwa WhatsApp: anayeweza aje na mafuta yake mwenyewe, Ijumaa asubuhi, tumpokee Kericho mjini. Mimi nina nduthi ya kuzungukia kazi zangu za video. Nikaweka mafuta ya soo nane, nikaenda.

Nilidhani tungekuwa thelathini. Manze, barabara ilijaa. Kulikuwa na wasee wa Litein, wa Kapkatet, wa Kaplong, na wengine waliotoka Silibwet gizani. Matawi mabichi yamefungwa kando ya taa za mbele. Riflekta za kila rangi, zingine zimechakaa mpaka haziakisi chochote. Mmoja alikuwa na abiria, akaniambia alimkuta njiani, mama wa makamo anayekwenda mazishi hayo hayo, akambeba bure.

Msafara wa jeshi ulipofika, sajini mmoja akashuka. Alituangalia vile mwalimu wa zamu huangalia darasa la nane. Akasema, "Wawili wawili. Taa ziwake. Honi sitaki kuisikia. Anayetaka kuonyesha ufundi arudi nyumbani sasa hivi." Hakuna aliyerudi.

Ukitoka Kericho unaanza na chai ya makampuni, ile imekatwa sawa kama zulia, unapita Chemosit. Ukikaribia Litein ni chai ya wananchi, vishamba vidogo, mahindi na ng'ombe katikati. Safari ambayo nduthi huimaliza bila kutoa jasho tulichukua karibu saa mbili. Umewahi kuendesha nduthi polepole namna hiyo? Vidole vinauma, klachi inanuka, jamaa wa mbele yako akisita kidogo tu laini nzima inayumba. Injini ya boda haikutengenezewa unyenyekevu.

Kwenye shamba la kwanza wachumaji walikuwa wanaendelea na kazi yao. Halafu mama mmoja akasimama wima, akateremsha kapu mgongoni, akaliweka chini. Wa pili akafanya hivyo. Ikaenda mstari mzima mpaka kwa wale wa mashine, hizi mashine za kuchuma chai ambazo baadhi zilichomwa moto hapa Kericho kwenye vurugu za Mei 2023. Nao wakazizima. Nimekulia huku, na sikumbuki kusikia shamba la chai likiwa kimya saa nne asubuhi siku ya kazi. Wale watu wanalipwa kwa kilo. Kila dakika waliyosimama ilikuwa pesa yao.

Litein watu walitoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, kitambaa bado kiko shingoni. Nilikaribia kucheka. Halafu nikaona yule mteja ameweka mkono kifuani, na macho yamemjaa.

Mvua ilikuja saa nane, kama inavyokuja huku. Tulikuwa tumeshaingia barabara ya udongo, na gari lililombeba likaanza kuteleza kuelekea mtaroni. Wasee wakaangusha stendi, wakashuka kusukuma, boda wa gamubuti bega kwa bega na wanajeshi wa kombati, tope mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyeamrisha. Tukafika. Wakapiga risasi hewani, tarumbeta ikalia, bendera ikakunjwa ikawekwa mikononi mwa mama yake. Hapo kamera yangu ilikuwa ndani ya begi, na hata hapa sisemi zaidi.

Sasa, huruma peke yake ingetosha kunifanya niende. Lakini ninapoutetea msafara mbele ya watu wa mjini, sitegemei huruma. Nategemea hesabu.

Tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu pale El Adde, Somalia. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka redio ya jikoni ikizungumza, na watu wazima wakizima redio tulipoingia. Wanajeshi wengi waliokuwa pale walitoka Moi Barracks, Eldoret. Siku kumi na mbili baadaye, 27 Januari, kukawa na ibada kubwa ya kumbukumbu hapo Moi Barracks. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria alikuwepo, Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia pia. Marais watatu. Hotuba, maua, machozi. Kitu kimoja hakikuwepo: idadi. Ni wangapi walikufa?

Mwezi uliofuata Hassan Sheikh alisema kwenye runinga kwamba waliouawa walikaribia 200. Jeshi letu likakataa, lakini halikuweka namba yake mezani. CNN walifanya uchunguzi wao wakasema si chini ya 141. Hebu fikiria hilo kidogo. Kwa muda wote huo, mtu aliyetaka kujua ni Wakenya wangapi walikufa wakiwa wamevaa sare ya Kenya alilazimika kumsikiliza rais wa nchi nyingine au kituo cha runinga cha Marekani.

Mwaka mmoja baadaye, 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow ikashambuliwa. Safari hii jeshi lilitoa namba: tisa wamekufa, kumi na watano wamejeruhiwa. Al-Shabaab nao wakasema wameua zaidi ya hamsini. Kati ya mdomo mmoja na mwingine, mama mwenye mtoto Kulbiyow alitakiwa achague aamini nani.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kipumbavu. Vitani hutangazi majeruhi yako ovyo, adui atasherehekea, wenzao walioko mbele watavunjika moyo. Sawa. Lakini kwa El Adde, adui alikuwa pale na kamera. Alirekodi, na miezi michache baadaye akasambaza video. Yeye alijua. Aliyebaki gizani ni wewe na mimi, tunaolipa kodi ya ile kazi na kutuma ndugu zetu wakaifanye.

Sasa rudi huku kijijini. Ulijuaje wakati huo kwamba mambo yalikuwa mabaya? Kwa barabara. Magari ya jeshi yaliingia kijiji hiki, kesho kile, keshokutwa kile cha ng'ambo ya mto. Watu walikuwa wanahesabu kwa vidole. Jeneza likipita usiku bila mtu kulisindikiza, linahesabiwa na mlinzi wa duka peke yake. Likipita mchana na nduthi mia mbili, mtaa mzima umeshuhudia, na kesho hakuna msemaji wa serikali atakayewaambia watu wa Litein hawakuona walichoona. Hiyo ndiyo kazi ya msafara ambayo watu wa "fujo" hawaioni.

Na hii tabia ya kuzika askari bila kuhesabu haikuanza na KDF. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya historia, lakini Kariokor unaijua? Ile ya nyama choma na soko la vikapu, Nairobi. Jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Walikufa kwa wingi wa kutisha, kwa njaa, malaria na kuharisha kuliko risasi. Ukienda Kenyatta Avenue kuna zile sanamu tatu za Waafrika wa vita hivyo. Nzuri kweli. Majina hayapo.

Mnamo Aprili 2021, ile tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri wazi: watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, wengine hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Miaka mia moja na ushee. Mzungu aliyekufa kando yao alipata jiwe na jina. Soma hizo namba mbili tena: kati ya 116,000 na 350,000 kuna watu zaidi ya laki mbili ambao hata anayeomba radhi hajui kama walikuwepo. Hivyo ndivyo inavyokuwa usipohesabu siku ile ile, barabarani, majeneza yakipita.

Mtu ataniuliza, mbona Jenerali Ogolla alizikwa mbele ya nchi nzima? Ndiyo. Helikopta ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, tarehe 18 Aprili 2024, na siku tatu baadaye Jenerali Francis Ogolla akazikwa kwao Siaya bila jeneza, kama alivyotaka mwenyewe. Kila runinga ilikuwa hapo. Nilitazama mwanzo mpaka mwisho, na nilimheshimu zaidi kwa ule uamuzi wa kurudi ardhini bila mbwembwe. Lakini kwenye ile helikopta walikufa watu kumi. Nitajie watatu wa wale wengine tisa bila kugusa simu. Sikulaumu, hata mimi nililazimika kutafuta. Ndiyo maana nasema jenerali hahitaji boda. Koplo anazihitaji.

Haya, tuje kwetu sasa, waendeshaji.

Siku ile ilikuwa safi kwa sababu ya yule sajini. Nimeona misafara mingine ambayo haikuwa na sajini. Msee anainua gurudumu la mbele mita tano kutoka kwa jeneza. Wengine wanazima na kuwasha injini ili ipasuke kama bunduki, na mbele yao kuna mjane wa mtu aliyeuawa kwa bomu. Wawili kwa nduthi moja, watatu, wanne, hakuna helmeti hata ya kusingizia. Honi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapo yule wa Nairobi akiandika "fujo", mimi nitamtetea nani?

Na jamani, sisi ndio tunajua barabara hizi zinaua. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, hapa hapa kaunti ya Kericho, lori lilikosa mwelekeo likafagia matatu, boda na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa jioni moja. Boda waliokuwa wamesimama, nduthi zimezimwa, wanangoja abiria. Kama barabara inaweza kukufuata mpaka kwenye steji, unaenda kuitania kwa gurudumu moja kwa nini? Sheria inataka helmeti na riflekta, kwako na kwa abiria wako, na siku ya mazishi si likizo ya sheria.

Jambo la pili litaniletea maadui: mafuta ya wanasiasa. Mnajua linavyokwenda. Mheshimiwa anasikia kuna mazishi ya mwanajeshi, anatuma kijana wake na bahasha petroli steshoni, kila boda anawekewa mafuta ya soo mbili, na ghafla msafara una mabango ya mheshimiwa. Tukifika, anapewa maikrofoni kabla ya kasisi, na ile maiti inakuwa mgeni kwenye mkutano wake. 2027 inakuja, kwa hivyo jiandaeni, bahasha zitakuwa nono. Mimi nasema ukikubali mafuta yake umeshabadilisha kazi. Hukuja kumsindikiza koplo, umekuja kumsindikiza mheshimiwa, na koplo amewekwa mbele kama kisingizio. Kama huna soo mbili siku hiyo, baki kando ya barabara, vua helmeti, simama. Yule mama mchumaji wa chai hakuwa na nduthi, na sitamsahau kabla ya kuwasahau nyinyi wote.

Wamarekani wana kundi la aina hii, wanaitwa Patriot Guard Riders. Lilianza 2005 huko Kansas, wazee wa mapikipiki makubwa, wengi wao wanajeshi wastaafu. Kulikuwa na kanisa moja dogo la Topeka lililokuwa linaenda kwenye mazishi ya wanajeshi waliokufa Iraq na mabango ya matusi, likidai vifo vile ni adhabu ya Mungu kwa nchi yao. Wale wa pikipiki wakawa wanasimama katikati na bendera, familia isione mabango. Kuna kanuni yao moja ningependa tuichukue kama ilivyo: hawaendi mpaka familia iwaalike. Hata marehemu awe maarufu vipi. Sisi huku hatuna wa kuzuia na mabango, ingawa nikifikiria vizuri, mabango tunayo, ni ya waheshimiwa. Hiyo kanuni ingetosha kumaliza nusu ya ujinga wetu. Kaka mkubwa akituma ujumbe, tunaenda. Asipotuma, tunakaa steji.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza familia kwanza, na hii ni ya kwetu. Wakipsigis wa zamani hawakuwa watu wa mazishi makubwa. Kifo kilikuwa kitu cha kuogopwa, wachache wa boma ndio walioshughulika, na maiti nyingi hazikuzikwa, zilipelekwa porini zikaachiwa fisi. Hizi hema, vipaza sauti na vitabu vya picha vimekuja juzi na kanisa na pesa. Kwa hivyo kuna wazee ambao kishindo cha nduthi mia mbili karibu na maiti hakiwakai vizuri, na si kwa sababu wanachukia vijana. Siku ile, baada ya mazishi, mzee mmoja aliniita, "Weri, njoo." Nikajua nimepatikana. Akaniuliza nani alituambia tusipige honi. Nikamwambia sajini. Akanyamaza sana, kisha akasema baba yake alikuwa keya, alipigana Burma, na aliporudi alishuka kwa lori barabarani akatembea mpaka nyumbani peke yake na sanduku lake la bati. Hakuna mtu aliyejua anakuja. Akasema, "Huyu angalau mmemleta." Halafu akaomba nimpeleke dukani. Nikampeleka. Kongoi nyingi, hakulipa.

Kuhusu kamera, kwa sababu najua mtaniuliza na mimi ndiyo riziki yangu. Narekodi barabara: nduthi, watu waliosimama, mashamba. Uso wa mama, jeneza likishuka, watoto wa marehemu, hapana. Mbogi ya kontenti inaniambia hizo ndizo sekunde zinazopata watazamaji. Ni kweli, zinapata. Lakini barabara ni ya umma na ushahidi wake ni wa umma. Kaburi ni la wenyewe. Kama hujui tofauti, weka simu mfukoni mpaka ufike nyumbani.

Kitu cha mwisho nilichokiona siku hiyo, na kwangu ni kikubwa kuliko video zangu zote. Jioni tulirudi kwenye steji ya marehemu, maana kweli aliwahi kuwa mwendeshaji hapo miaka miwili kabla jeshi halijamchukua. Mwenyekiti alitoa daftari la michango, lile la kurasa mia mbili, jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Ni daftari la kawaida la steji: nani ametoa soo ya ugonjwa, nani anadaiwa, nani alipigwa faini kwa kuruka foleni ya abiria. Lakini ukigeuza nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho, ameandika kitu kingine. Jina la mwanajeshi, cheo, kijiji, mahali alipofia kama familia imesema, tarehe tuliyomleta, idadi ya nduthi zilizokuja. Siku ile aliandika 214. Juu yake kulikuwa na majina mengine manne. La kwanza limeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, mwenyekiti wa zamani, tarehe ya Januari 2016, na mbele yake nduthi 11.

Nilimuuliza nani alimwambia afanye hivyo. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini anapumua. Akasema, "Sasa tusipoandika, tutajuaje tulileta nani?"

Kwa hivyo nauliza, hasa nyinyi wa Bureti, Konoin, Sotik, Belgut, hata wa Nandi na Uasin Gishu. Kama steji yenu ina daftari la namna hiyo, au kuna mtu mzima anayekumbuka majina na hayajaandikwa popote, nitumieni ujumbe. Sitaki picha ya kurasa, majina ni ya familia. Nataka tu kujua yako mangapi, na kama yamewekwa mahali ambapo mvua na mchwa hawayafikii. Mafuta nitaweka mwenyewe.